Mlalo wa Bamba

Jillye, 18 Machi 2012

Mwanangu Sang-uk,

Barua yako ya kwanza kutoka kambini imefika Jumanne, na bibi yako ameichukua akaiweka chini ya mto wake, kwa hiyo nakujibu kwa kukumbuka tu. Huku wote wazima. Bibi magoti yanamsumbua kama kila mwezi wa tatu, lakini anakula vizuri, na jana amegombana na mtangazaji wa televisheni mpaka akasahau dawa. Baba yako kikohozi kimemwacha. Dada yako Mi-ran amefaulu mtihani wa kwanza wa unesi. Anasema akisikia umelia huko jeshini atawatangazia wasichana wote wa mtaani. Mzee Pyo anakusalimu sana kutoka kwenye mashine yake ya kukunja. Ameniuliza kama wamekupa soksi za kutosha, maana yeye naye alitumikia huko huko Inje ujanani, na anasema baridi ya huko huanzia vidoleni. Mkewe amekufumia jozi mbili, nimezitia kwenye kifurushi hiki pamoja na samaki wadogo wakavu uwapendao. Mbwa naye mzima, anakaa kwenye viatu vyako.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliiacha mapema, unajua, nikienda kiwandani Busan kukata mashati. Mi-ran amejitolea kuniandikia, nimekataa. Mama akitaka kusema na mwanawe hahitaji karani.

Karakana inakwenda. Ile programu uliyoiweka mwezi wa kumi na moja, ile inayopanga vipande kwenye bamba la chuma kabla mashine haijakata, baba yako anaisifu kuliko anavyokusifu wewe. Zamani alikuwa anapiga magoti juu ya bamba na chaki na vielelezo vyake vya karatasi ngumu, anavisogeza hivi na hivi nusu siku. Sasa kompyuta inapanga yote kabla maji ya chai hayajachemka. Bamba lililokuwa linatoa vikono arobaini vya kubebea mabomba ya melini, sasa linatoa arobaini na nne, na mabaki ni membamba kama maganda ya tufaha. Wenye karakana nyingine wanakuja kuangalia, baba yako anawaambia mwanangu huyo, na anatembea kifua mbele.

Kuna jambo moja dogo. Vikono vingine vimeanza kupasuka vikifika kwenye mashine ya kukunja, pale kwa Mzee Pyo. Si vyote. Katika kumi, viwili au vitatu, vinachanika mgongoni pale pa kona. Baba yako hajasema kitu ila anamtazama sana Mzee Pyo. Nakuuliza kama mtu asiyejua: kompyuta yaweza kuwa na neno lolote katika hili? Nijibu ukipata nafasi.

Kula. Usiwe wa mwisho kwenye foleni ya chakula.

Mama yako


Inje, 9 Aprili 2012

Mama,

Salamu kwa bibi, kwa baba, kwa Mi-ran (mwambie nililia mara moja tu, na ilikuwa kitunguu), kwa baba mkubwa Pyo na kwa mama mkubwa. Soksi zimefika. Sajenti wetu alizitamani, nikamwambia zimefumwa na mke wa mtu aliyetumikia hapa kabla yeye hajazaliwa, akaniacha.

Mimi ni mzima. Bado tunazoa theluji kwa sepetu, mwezi wa nne huu. Nimenenepa.

Kuhusu vikono, pengine ni mabamba yenyewe. Baba awaulize walioyaleta. Au ni baridi, chuma kikilala nje kwenye baridi huwa kinakuwa kikavu. Kompyuta haikunji chochote, Mama. Inapanga tu. Usijitie wasiwasi kwa mambo ya karakana, tunza mgongo wako.

Likizo yangu ya kwanza ni katikati ya mwezi wa tano, siku nne. Nitakula mpaka mkimbie.

Sang-uk


Jillye, 29 Aprili 2012

Mwanangu,

Bibi yako mzima, anahesabu siku za likizo yako kwenye kalenda ya hekalu. Mi-ran mzima. Baba yako yupo. Maua ya mcheri yameshapukutika, umeyakosa mwaka huu. Mbwa amehara siku mbili, amepona.

Mzee Pyo ameondoka. Nimeona nikuambie kabla hujafika ukaulizia yuko wapi mbele ya baba yako.

Ilikuwa mgahawani kwa mama Gu, saa ya chakula cha mchana, na unajua pale wanakula watu wa karakana zote za mtaa wetu. Asubuhi ile walikuwa wamerudishiwa vikono sitini kutoka kwenye meli, vyote vimechanika. Baba yako alikuwa hajanyanyua kijiko. Mzee Pyo akasema taratibu tu kwamba huenda vipande vinalala vibaya kwenye bamba, tuvitazame kabla havijakatwa. Hapo baba yako akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Kompyuta hainywi soju, Pyo. Mikono yako ndiyo inayokunywa."

Umeona alivyomwita? Miaka ishirini na miwili amemwita kaka. Hata siku walipogombana juu ya winchi alimwita kaka huku akimtukana. Siku ile akamwita Pyo, kama unavyomwita kibarua wa jana, mbele ya watu na vijiko vyao mkononi. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakacheka kwa kuwa yule amecheka. Mzee Pyo akamaliza wali wake. Hakuacha hata punje. Akashukuru kwa chakula, akaenda karakanani, akapangusa mashine yake, akatundika aproni, akaenda zake.

Ni kweli anakunywa Jumamosi. Nani hanywi Jumamosi?

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka figili kwa mama Gu, nimesimama mlangoni na beseni. Sikusema neno. Sasa mtaa mzima unasema Pyo amezeeka, mkono unamtetemeka, na hakuna karakana inayomtaka kwenye mashine ya kukunja. Amepata kazi ya ulinzi kwenye magorofa ya Jangyu. Mtu aliyekuwa anakunja chuma kama anakunja barua.

Baba yako amechukua mkunjaji mwingine kutoka Changwon. Vya kwake navyo vinapasuka, ila baba yako anasema bado anajifunza mashine.

Ukija tutazungumza. Kama kuna kitu unakijua, kije nawe.

Mama yako


Jillye, 3 Juni 2012

Mwanangu Sang-uk,

Bibi yako analala vizuri tangu akuone. Anasema shingo yako imekuwa ya mwanamume. Mi-ran ameanza mafunzo hospitalini, anarudi miguu imevimba. Baba yako mzima na ana furaha. Mbwa amerudi kukaa kwenye viatu vyako, tulidhani atatuzoea sisi sasa.

Siku nne zilikwenda kama mtu kapiga chafya. Nilipika kila ulichopenda, ukala, ukalala, ukamchekesha bibi. Jumamosi ulikwenda karakanani ukasema unaifuta kompyuta vumbi. Ulikaa mlango umefungwa kiasi cha mtu kunywa kikombe kimoja cha chai. Ukatoka, ukasema umemaliza. Juu ya Mzee Pyo hukuuliza, na mimi sikuanza, nikijiambia wacha mtoto ale kwanza.

Tangu uondoke hakijapasuka kikono hata kimoja. Wiki mbili sasa. Baba yako amesimama kwa mama Gu akasema: mnaona, ugonjwa umeondoka na mgonjwa. Watu wakaitikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkunjaji wa Changwon naye alikuwa anapasua mpaka juzi.

Mwanangu, mimi barua ndiyo hii naiandika siku tatu, lakini kukata najua. Miaka sita nilikata mashati Busan. Kitambaa kina gyeol yake, mlalo wake, nyuzi zinakwenda upande mmoja. Mikono ya shati ukiilaza kwa kuufuata mlalo, shati linakaa vizuri. Ukitaka kubana kitambaa ukaulaza mkono mmoja kukingama, msimamizi hatakuona, mteja hatakuona, shati litafuliwa mara moja na mkono utajipinda. Msichana mwenzangu alifukuzwa kwa hilo. Na baba yako, chuma nacho anakiita hivyo hivyo, gyeol, kwa sababu kinatoka kiwandani kimevutwa upande mmoja kama unga wa tambi. Kila bamba likishushwa kwenye gari alikuwa analichora mshale wa chaki.

Mwezi wa kumi na moja uliponiita nione programu yako, nilitazama kwenye skrini nikaona vikono vimelala huku na huku, kimoja kimesimama, kingine kimelala ubavu, kingine kichwa chini, vimeshikana kama watu kwenye basi la sikukuu. Nikaona mlalo umekatwa ovyo. Nikataka kusema. Ukaniambia, "Hili si shati, Mama," ukacheka, na baba yako akacheka, nami nikacheka. Nikajiambia watu wa chuma wana elimu yao, mimi mwanamke wa mashati nitaingilia nini.

Juzi nimeingia ofisini kufagia. Vikono vyote kwenye skrini sasa vimetazama upande mmoja.

Sikuulizi tena kama kompyuta yaweza kuwa na neno. Nakuuliza ulifanya nini Jumamosi ile, na kwa nini ulikifanya mlango umefungwa.

Mama yako anayekupenda, usije ukasahau hilo kwa sababu ya haya mengine


Jillye, 1 Julai 2012

Mwanangu,

Wote wazima. Mvua za msimu zimeanza, karakana inavuja pale pale.

Sijapata jibu. Karani wa posta ananijua kwa jina sasa. Kama ni mafunzo yamekubana, sema ni mafunzo. Kama umeumwa, sema. Kama umenikasirikia, hilo nalo liandike nilione. Jana ulipiga simu ukaongea na bibi na ukasema foleni ya simu ni ndefu huwezi kungoja niitwe. Nilikuwa jikoni, hatua sita.

Mama yako


Inje, 15 Julai 2012

Mama,

Nawasalimu wote, bibi, baba, Mi-ran. Sijaumwa wala sijakasirika. Nimeandika barua hii mara nne.

Kwenye programu kuna mahali panapouliza: vipande viruhusiwe kugeuzwa, au visigeuzwe? Siku naiweka, baba mkubwa Pyo alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake. Akaniambia vya kukunjwa nisiviache vigeuke, vilale vyote kufuata mshale wa baba, maana kikono kikikunjwa kukatisha mlalo kinakubali, kikikunjwa sambamba na mlalo kinachanika. Nikamwambia ndiyo, baba mkubwa. Nikafunga, visigeuke. Skrini ikasema tunatumia themanini na mbili katika kila mia ya bamba. Baba akaja kutazama, akasema ahaa, basi hata chaki yangu inafika hapo. Akaondoka.

Nikafungua, vigeuke vipendavyo. Ikasema tisini na moja. Nikamwita arudi, Mama, na uliona uso wake. Mwaka mzima niliofeli chuo hakuwa amenitazama hivyo. Nilijua ninachokifanya kwa sababu nilikuwa nimeambiwa dakika kumi nyuma. Nikajisemea vikono ni vinene, havitapasuka. Nikasema nitafunga kesho. Kesho yake wageni wakaja kutazama.

Barua yako ya Machi niliisoma bwenini na nilijua papo hapo. Nikakujibu kuhusu baridi.

Likizo nilifunga kimya kimya kwa kuwa nilidhani nikirekebisha yatakwisha. Sikufikiri kwamba vikiacha kupasuka ndipo watasema hakika alikuwa yeye. Nilipoisoma hiyo kwenye barua yako nilishindwa kushika kalamu.

Nimeweka humu bahasha nyingine, ni ya baba mkubwa. Mpelekee wewe mwenyewe. Ya baba nitaiandika baada ya hapo. Au mwambie wewe. Sijui. Siwezi kufikiri jinsi ya kuianza.

Sang-uk


Jillye, 12 Agosti 2012

Mwanangu Sang-uk,

Bibi yako mzima, joto limempunguzia maneno kidogo. Mi-ran mzima, ameniandalia hii karatasi yenye mistari mipana. Baba yako yupo, anakula, hasemi. Nitakueleza. Mbwa mzima.

Barua yako nilimpelekea Mzee Pyo Alhamisi moja mwezi uliopita. Alikuwa kazini, nikamkuta mkewe anachambua majani ya ufuta. Tuliisoma pamoja, yeye kwa sauti, maana miwani yangu niliisahau. Alipomaliza akaikunja akaniambia mumewe alikuwa anajua tangu mwezi wa pili. Alijua kwa kutazama mpasuko tu. Alikaa kimya akisema mtoto yuko jeshini, si vizuri kumsemea mtu aliye mbali, atarudi atasema kwa kinywa chake. Na ulirudi, akasikia umerudi, akabaki nyumbani siku mbili kati ya nne, amevaa shati safi.

Nikaona nami niseme langu. Nikamwambia niliyaona kwenye skrini tangu mwanzo na nikanyamaza, na mgahawani nikanyamaza. Nilidhani atanifariji, mwanangu. Sisi wawili tumelea watoto pamoja. Akaendelea na majani yake, kisha akasema:

"Ya mtoto nimeyaelewa, alikuwa mbali. Wewe ulikuwa unakunywa chai jikoni kwangu kila Alhamisi."

Niliosha kikombe changu nikaondoka.

Kesho yake mchana nikaenda kwa mama Gu. Mgahawa umejaa, baba yako kwenye meza yake na watu wake. Nikasimama pale pale mlangoni. Nikasema jamani, naomba mnisikilize kidogo, mimi ni mama Sang-uk. Nikasema vikono havikupasuliwa na Mzee Pyo, vilipangwa vibaya kwenye kompyuta, mwanangu alivipanga, mimi niliona sikusema, na mkono wa Mzee Pyo hauna ugonjwa wowote. Sikusema vizuri, nilirudia maneno. Kuna aliyesema haya mama kaa ule. Lakini hawakucheka. Baba yako aliweka kijiko, akatoka, wali umebaki nusu.

Siku tisa hakunisemesha. Siku ya kumi akaniuliza ni kweli ulifunga mwenyewe wakati wa likizo. Nikampa barua yako. Aliisoma amesimama. Hakukutukana. Akasema tu, "Themanini na mbili ilikuwa inatosha," akaingia chumbani.

Jumapili akavaa shati jeupe, akachukua gari, akaniambia panda. Sikuuliza tunakwenda wapi. Tukafika Jangyu, kwenye yale magorofa, na Mzee Pyo alikuwa zamu kwenye kibanda, na kofia, na sare ya buluu iliyo kubwa kwake mabegani. Alituona. Nina hakika alituona, gari letu amelisukuma mara ngapi. Akatoka, akainama kama anavyowainamia wote wanaoingia, akamwuliza baba yako kwa heshima kabisa, kwa lugha ya kumwambia mtu usiyemjua:

"Mnakwenda jengo la ngapi, bwana?"

Baba yako mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Nilimwona anatafuta neno. Ni neno moja tu, na amelitumia miaka ishirini na miwili. Mwisho akasema tumepotea njia. Mzee Pyo akatuinulia kizuizi ili tugeuzie ndani, akatuinulia tena tukitoka, akainama tena.

Tulipofika nyumbani baba yako alikaa garini mpaka nikamwita chakula.

Kazini kwetu Mzee Pyo harudi. Mkewe amemwambia mama Gu, na mama Gu ameniambia. Mkataba ameshautia sahihi, na anasema kwenye kibanda hakuna anayempigia kelele. Hilo sikuombi ulibadilishe, halibadiliki. Lakini baba yako hawezi kuanza peke yake, nimemwona kwa macho yangu, na mimi nikianza nitaharibu tena. Kuna mtu mmoja tu ambaye Mzee Pyo alivaa shati safi akimngoja.

Likizo yako ya pili umesema ni mwezi wa tisa, hukusema siku. Walinzi wa Jangyu wanafanya siku moja, wanapumzika siku moja. Nimehesabu kwenye kalenda ya bibi: tarehe zisizogawanyika kwa mbili za mwezi wa tisa yuko nyumbani, nyinginezo yuko getini. Sitaki akuone getini, mwanangu, pale inambidi akuinamie. Nataka umkute nyumbani kwake, uingie wewe kwanza, baba yako nyuma yako, mimi nyuma ya baba yako.

Kwa hiyo niandikie upesi unafika tarehe ngapi. Hata kama ni tarehe tu, bila salamu, bila kitu kingine, iandike na uitume leo hii barua inapokufikia.

Mama yako